Sanduku la karatasi za mzee: namna ya kulifungua, kulisoma na kulitunza hapa Lamu

Kila mtaa wa Amu, ndiyo Lamu, una mzee wake wa mambo ya kale. Hakusomea tarehe, yaani historia, popote, wala hakuna aliyemlipa. Mchana alikuwa karani, fundi wa majahazi au mwalimu wa chuo cha Kurani. Baada ya alasiri huketi barazani, daftari gotini, akiandika nani alimzaa nani, nyumba ile ilikuwa ya nani kabla ya kuuzwa, kisima kile kilichimbwa na bibi gani akakifanya wakfu. Siku anayofariki, hubaki sanduku. Watoto hulitia chini ya kitanda, wajukuu hawasomi khati za Kiarabu, na masika mbili tatu zikipita mchwa humaliza kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa sanduku kama hilo. Mimi niliachiwa la ami yangu: madaftari 11, mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa uzi, barua, hati chache za nyumba na mashamba, na kasida alizozinakili kwa mkono wake. Nimekaa nalo miaka sita. Nitaeleza kazi kwa mpangilio ambao laiti mtu angenieleza siku ya kwanza.

1. Kabla hujafungua

Sanduku ni mirathi kama nyumba na shamba. Waite warithi, hata wale walioko Mombasa au Ughaibuni kwa simu, mkubaliane nani atakuwa mtunzaji. Andikeni nusu ukurasa, kila mmoja atie sahihi. Usipofanya hivi, siku utakapogundua hati ya kiwanja ndani yake, utaambiwa uliificha.

Andaa meza kavu, itandike shuka safi. Osha mikono, ikauke sawasawa. Mikono safi ni bora kuliko glavu, kwa sababu ukivaa glavu huhisi karatasi inapoanza kupasuka. Kahawa, maji na tambuu vikae chumba kingine.

Piga picha ya sanduku kama lilivyo kabla hujatoa kitu. Kisha piga nyingine kila unapoondoa tabaka moja. Picha hizi hazipendezi, lakini zitakuokoa.

2. Usipange upya

Hapa ndipo nilipokosea. Mafungu ya ami yalionekana kwangu kama fujo: ukoo huu umechanganyika na ule, karatasi ya kisima imekaa kati ya nasaba mbili. Nikakata nyuzi zote, nikatenga karatasi kwa koo. Siku tatu nilifanya kazi hiyo kwa moyo safi, nikiamini ninamsaidia marehemu.

Baada ya miezi miwili nilikuwa nikisoma karatasi inayoanza hivi: “Na nyumba hii ya pili alimpa binti yake siku ya harusi, na jirani wa kulia ni nduguye.” Nyumba ipi? Ndugu wa nani? Nikaenda kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyemjua ami tangu ujana. Akaniambia, “Ami yako alikuwa akianzia nyumba ya nyuma ya msikiti, kila siku mlango mmoja, mpaka afike pwani.” Nikakaa kimya. Fungu lile lilikuwa njia. Karatasi ziliandikwa kwa kufuata milango ya mtaa wa Mkomani, na “nyumba hii” ilimaanisha nyumba inayofuata ile ya karatasi iliyotangulia. Nami nilikuwa nimekata uzi.

Kwa hiyo: acha kila fungu lilivyofungwa. Kama uzi umeoza, funga upya kwa utepe wa pamba bila kubadili karatasi hata moja. Namna mzee alivyopanga ni maandishi yake pia, ila hayana wino.

Ukikuta mtu mwingine amekwisha kuvuruga, au ukavuruga mwenyewe kama mimi, zipo alama za kurudishia. Tundu la mdudu hupenya karatasi kadhaa kwa mstari mmoja. Zilaze moja juu ya moja uone matundu yanapokutana. Doa la maji hupungua ukubwa kutoka karatasi hadi karatasi. Pini iliyoota kutu huacha alama mahali pamoja kwenye karatasi zote ilizozishika. Na katika miswada ya khati za Kiarabu, mara nyingi mwandishi huandika chini ya ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo liliwekwa kwa ajili ya shida kama hii hasa. Kwa njia hizi nilirudisha karibu nusu ya nilizovuruga.

3. Namba na daftari la orodha

Tumia penseli laini, 2B inafaa. Andika namba ndogo nyuma ya kila karatasi, pembe ya chini: fungu kwanza, kisha karatasi. 4/17 ni karatasi ya 17 ya fungu la 4. Usitumie kalamu ya wino hata kama ni nzuri vipi.

Katika daftari la orodha kila karatasi ipate mstari wake: namba, ni kitu gani, lugha na khati, tarehe kama ilivyoandikwa, mkono wa nani, majina ya watu, majina ya mahali, hali ya karatasi. Kisha safu moja ambayo watu huisahau: *nani alisema*. Ami alikuwa makini kwa hili. Chini ya habari nyingi ameandika “nimeisikia kwa fulani, naye kwa mamake”. Pale ambapo hakuandika, nimeweka kistari, sikukisia. Habari isiyo na msemaji haiwezi kupimwa: hujui kama aliona kwa macho, alisimuliwa, au alikuwa upande mmoja wa ugomvi.

Amu yenyewe ina mfano. *Khabari za Lamu* zilizochapishwa mwaka 1938 zimebeba jina la Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakari al-Lamuy, kwa hiyo msomaji anajua anasikiliza mtu wa wapi. Tarehe ya Pate, yaani historia ya wafalme wa kisiwa cha Pate, nayo ina nakala kadhaa zinazotofautiana katika majina ya wafalme na miaka yao, na nyingi zinarudi kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini. Inasemekana asili ya maandishi iliteketea mji wa Witu uliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Kama majina ya waliosimulia yasingehifadhiwa, leo tungekuwa na orodha zinazogombana tu, bila kujua zimetoka wapi.

4. Unyevu, wadudu na dawa zisizo dawa

Adui wa karatasi Amu ni unyevu wa bahari, hasa kuanzia Aprili kusi inapoingia na mvua. Zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani, zinavutia kuwekea vitabu, lakini kuta za matumbawe hunyonya chumvi na maji; masika ukigusa ukuta wa nje utahisi jasho. Weka karatasi ghorofa ya juu, chumba cha kati, mbali na ukuta wa nje, kwenye rafu iliyoinuka kutoka sakafuni. Miguu ya rafu isiguse ukuta, maana mchwa hutaka daraja.

Ondoa pini, stepla, mipira na selotepu ambayo tayari imeachia. Ile iliyoshika usiivute. Maboksi maalumu yasiyo na asidi hayapatikani kirahisi huku. Mimi nimefunga mafungu kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kusuuzwa sana bila blichi, nikayatia kwenye maboksi mazito yenye mfuniko. Gazeti usifungie kitu cha kuhifadhi, maana hugeuka manjano na kuambukiza kilicho ndani.

Ukiona unga mpya kama wa mbao laini chini ya daftari, wadudu wako hai. Funga daftari ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, utie kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza isiwe ya samaki. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, la sivyo umande utatua kwenye karatasi. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Picha za zamani na majalada ya ngozi usiyatie friza.

Karatasi yenye kuvu ianikwe kivulini penye upepo, kamwe si juani. Ikikauka kabisa, ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, umefunika pua na mdomo.

Wazee wengine hufukiza vitabu kwa ubani. Harufu ni nzuri, lakini moshi hutua kwenye karatasi na haufukuzi mchwa. Na tafadhali, hati ya zamani usiipeleke kuchomewa plastiki. Nilipeleka moja ya shamba dukani nikidhani ninailinda. Joto lilififisha wino wa muhuri, na plastiki ile haitoki tena bila kuondoka na karatasi.

Utakuta pia maandishi yaliyogeuka kahawia na kuila karatasi mpaka herufi zinadondoka. Huo ni wino uliotengenezwa kwa chuma. Usikunje, usiinue kwa mkono mmoja. Ingiza karatasi nyingine ngumu chini yake ndipo uihamishe.

5. Picha

Simu inatosha. Kaa wandani, yaani uani, asubuhi, kivulini, bila flashi. Laza karatasi, weka rula pembeni, shika simu sambamba na meza. Piga kila ukurasa, pamoja na mgongo, jalada na kurasa tupu. Jina la faili lianze na namba ya penseli. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili na si kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ubora na khati ndogo haisomeki tena. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine kabisa.

6. Kusoma

Hii ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo tamu.

Kiswahili cha khati za Kiarabu hakisomwi kwa macho peke yake. Wengi wa waandishi wa zamani walitumia herufi *be* kwa b, p, mb hata mp; irabu e na i zina alama moja, o na u vilevile. Ukikuta *be* mbili, kila moja na fat-ha yake (alama ya irabu a), unaweza kuwa mbele ya baba, papa, pamba au bamba. Namna pekee ni kusoma kwa sauti mpaka sikio likubali. Nilipata shida wiki nzima na mstari nilioudhani unasema mzee alimwachia mwanawe “baba”. Nilipousoma kwa sauti mbele ya mamangu akasema, “Pamba. Alikuwa na shamba la pamba.”

Kiamu nacho kisikutishe. Mzee ataandika *mato* kwa macho, *ndia* kwa njia, *kitwa* kwa kichwa, *nti* kwa nchi. Unaponakili kwa herufi za Kirumi, andika alivyoandika. Usisanifishe. Ukitaka kusaidia wasomaji, weka maelezo pembeni.

Anza kila daftari kwa ukurasa wa mwisho. Baada ya tamati mwandishi hutaja jina lake kwa neno la Kiarabu *katabahu*, yaani ameiandika fulani, na mara nyingine siku na mji. Muhammad Kijuma wa hapa Amu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada mingi kwa ajili ya watafiti wa Kizungu, na leo kazi zake ziko London na Ujerumani. Mkono wake unatambulikana. Mkono wa mzee wako pia utaujua baada ya mwezi mmoja, na hapo utaona ni wapi mtu mwingine aliandika katika daftari lake. Nakili pia maneno ya pembeni. Karibu kila jambo ambalo ami hakuwa na hakika nalo aliliweka pembeni.

Karatasi nzee iinue dhidi ya mwanga. Ukiona hilali tatu ndani yake, hiyo ni karatasi ya Italia, iliyosafirishwa sana hadi Bahari ya Hindi karne ya 18 na ya 19. Alama hiyo inakwambia umri wa karatasi tu. Karatasi ilikuwa mali, iliweza kukaa sandukuni miaka kabla ya kuandikwa.

7. Tarehe

Andika kwanza tarehe ya Hijria kama ilivyo, ndipo ugeuze. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1275. Hesabu inatoa 1858 na robo tatu, na kweli mwaka 1275 ulianza Agosti 1858. Kwa siku kamili tumia jedwali, na uangalie jina la siku: mwezi wa hapa uliandama kwa macho, kwa hiyo jedwali linaweza kupishana na karatasi kwa siku moja au mbili. Zikipishana, amini jina la siku.

Kuna mitego. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, na alama ya nzi nayo ni nukta. Waandishi huacha elfu, wakaandika 320 wakimaanisha 1320, ambao ulianza mwaka 1902. Na siku yetu huanza magharibi: “amefariki usiku wa Ijumaa” ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Nimeona kaburi na daftari vikigombana kwa sababu hii tu. Mabaharia na wakulima nao walihesabu kwa Nairuzi, kalenda ya jua ya siku kumi kumi, mwaka wa siku 365 usio na mwaka mrefu, hivyo huteleza polepole dhidi ya kalenda ya sasa.

Pasipo na tarehe yoyote, tafuta tukio: vita vya Shela, Witu 1890, kufutwa utumwa Pwani ya Kenya 1907, vita vya Mjarumani 1914, mafuriko ya 1961, na wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960, Wabajuni wengi walipohama bara na visiwa vya kaskazini.

8. Majina, na wanawake waliofichwa

Mjukuu hupewa jina la babu, basi utapata Ali bin Muhammad bin Ali bin Muhammad mpaka uchoke. Mpe kila mmoja namba yako, uongeze jina la mama, lakabu na mtaa.

Nasaba nyingi huhesabu wanaume. Lakini nyumba nyingi za mawe hapa zilipita kwa mabinti. Baba alimjengea au kumpa binti nyumba anapoolewa. Ukifuata wanaume peke yao, utaona nyumba inaruka kutoka ukoo hadi ukoo bila sababu. Mtie mama na binti, na nyumba inarudi kwenye njia yake. Majina ya mabibi mara nyingi hayamo kwenye nasaba bali kwenye barua, hati za wakfu na daftari za ndoa za kwa kadhi. Nimetenga daftari zima kwa ajili yao.

9. Ya kuonyesha na ya kufunika

Utakuta mambo mazito: nani alikuwa mtumwa wa nani, mtoto gani hakutambuliwa, shamba gani linabishaniwa. Maoni yangu ni haya. Usichane, usifute, usipige mstari juu ya kitu. Tia bahasha tofauti, andika namba yake katika orodha bila kueleza yaliyomo, na usisambaze mpaka uzungumze na familia inayohusika, faragha, kwa heshima. Kuna watu wanaishi jirani hadi leo na karatasi hiyo inaweza kuwadhalilisha mbele ya watoto wao. Mzee aliambiwa kwa amana.

Hati za ardhi zitengewe mahali pake, na wakili azione. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai yao, na karatasi za wakati huo bado zina uzito. Za wakfu ziulizie kwa Tume ya Wakfu, Mombasa.

Mgeni akija kutaka kuona, mwonyeshe nakala. Asili isitoke nyumbani bila karatasi ya kupokelea yenye namba za kila kipande na siku ya kurudisha. Msikiti wa Riyadha umekwisha kutuonyesha njia: miswada yake ilipigwa picha kwa mradi wa hifadhi uliogharamiwa kutoka Uingereza, na asili zikabaki Amu. Ukitaka mahali pa kuacha nakala, ongea na maktaba ya Ngome ya Lamu chini ya Makumbusho, au Nyaraka za Taifa, Nairobi. Kwa yale ya enzi za masultani, Nyaraka za Zanzibar zina mengi ya kulinganisha.

10. Tembea

Chapisha nakala za karatasi zenye mashaka, utafute mtu mzima anayejua mtaa, mwende kwa miguu. Kabla ya kuwasha kinasa sauti omba ruhusa. Mwanzoni taja siku, mahali, na jina la anayezungumza. Usimsomee karatasi kwanza, muulize, “Bibi, hapa palikuwa pa nani?”, usikilize, halafu ndipo usome. Ukimsomea kwanza atakukubalia kwa adabu.

Mwaka jana nilimchukua bibi yule yule. Tulianzia nyuma ya msikiti. Alikuwa akisimama kila mlango, anashika daka la mlangoni, anataja mwenye nyumba, mkewe, na nani alizaliwa humo. Tulichukua asubuhi nne, maana magoti yanamsumbua. Karatasi 14 zikapata nyumba zao, na kwenye safu ya *nani alisema* nimeandika jina lake kamili chini ya lile la ami, pamoja na siku. Zilizobaki 23 nimezitia katika bahasha moja ya khaki. Juu yake nimeandika kwa penseli: “Hazijapata nyumba. Uzi niliukata mimi,” na jina langu.